Mshikamano Usiomsahau Mgonjwa

Jioni moja ya Machi 2017, daktari kijana niliyewahi kumfundisha alinijia kliniki baada ya wagonjwa wa mwisho kuondoka. Alikuwa amemaliza mafunzo kwa vitendo zaidi ya mwaka mmoja uliopita na bado hakuwa amepata ajira. Aliishi kwa kujishikiza zamu za usiku katika zahanati za watu binafsi. Alinipa shikamoo, akaketi, akaweka mezani bahasha ya vyeti vyake. Tarehe 18 ya mwezi huo Serikali yetu ilikuwa imekubali ombi la Kenya la kupelekewa madaktari 500, naye alitaka kuomba nafasi. Kilichomsumbua ni kwamba siku nne tu kabla ya tangazo hilo, madaktari wa Kenya walikuwa wamemaliza mgomo wa siku 100.

“Mwalimu,” aliniuliza, “nikienda, nitakuwa nimewafuata wagonjwa au nitakuwa nimewavunja wenzangu?”

Swali lile nimelibeba kwa miaka mingi, kwa sababu linagusa jambo ambalo sisi wahudumu wa afya hulizungumza kwa minong’ono zaidi kuliko kwa maandishi. Ni nini kinachowafanya watumishi washikamane wanapodai haki zao mbele ya mwajiri? Na mshikamano huo una mpaka gani pale penye mgonjwa? Mimi ni daktari bingwa wa watoto, si mwanasheria wala kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Ninaandika kama mtu aliyewahi kusimama pande zote mbili za mlango wa wodi, ndani na nje.

Mkataba uliokosa mwenyewe

Ili kulielewa swali la kijana yule, hatuna budi kurudi nyuma hadi Juni 2013. Mwezi huo Wizara ya Afya ya Kenya na chama cha madaktari, wafamasia na madaktari wa meno, kijulikanacho kwa kifupi kama KMPDU, zilitia saini mkataba wa pamoja. Mkataba wa namna hii, ambao hapa Tanzania tumezoea kuuita mkataba wa hali bora za kazi, ni makubaliano yanayofikiwa na chama kwa niaba ya wanachama wake wote, badala ya kila mtumishi kubishana na mwajiri peke yake. Ule wa 2013 uligusa mishahara, lakini uligusa pia saa za kazi, uhaba wa madaktari, mafunzo ya ubingwa na vifaa vya tiba.

Mwaka huohuo, kwa mujibu wa Katiba ya Kenya ya 2010, huduma za afya zilikuwa zikihamishiwa kwa serikali za kaunti 47. Daktari aliyelala akiwa mtumishi wa wizara aliamka akiwa mtumishi wa kaunti. Kaunti zikasema hazikuwamo mezani wakati wa kutia saini. Serikali kuu nayo ikatoa hoja kwamba mkataba haukuwa umesajiliwa mahakamani. Ikabaki hati yenye saini lakini isiyo na mtu wa kuitekeleza, na miaka zaidi ya mitatu ikapita hivyo.

Tarehe 5 Desemba 2016, madaktari wa hospitali za umma wapatao 5,000 waliacha kazi. Wauguzi nao waligoma siku ileile, ila wao walirejea kazini ndani ya mwezi huo. Januari 2017 Serikali ilipendekeza nyongeza ya mshahara ya takribani asilimia 40. Madaktari wakaikataa. Kwa anayetazama kutoka mbali, kuikataa nyongeza kubwa kiasi hicho ni ulafi mtupu. Hoja yao, hata hivyo, ilikuwa na uzito wake: nyongeza inayotolewa kwa hiari ya mkubwa huweza kuondolewa kwa hiari hiyohiyo, ilhali mkataba humfunga kila aliyeutia saini. Barabarani kauli mbiu yao ilikuwa “Lipa kama tenda”; yaani Serikali inayowalipa wazabuni iwalipe na waganga kwa wepesi uleule.

Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ilikuwa imekwisha kuamuru mgomo usitishwe. Viongozi wa chama walipoendelea, walipewa kwanza kifungo cha mwezi mmoja kilichoahirishwa. Hatimaye, tarehe 13 Februari 2017, viongozi saba walipelekwa gerezani. Siku mbili baadaye Mahakama ya Rufaa iliwaachia huru ili mazungumzo yaendelee. Viongozi wa dini wakaingia katika usuluhishi, na tarehe 14 Machi makubaliano ya kurejea kazini yakatiwa saini. Mkataba mpya ulifuata katikati ya mwaka.

Kilichowashikilia kwa siku 100

Mgomo wa siku 100 si jambo la hasira. Hasira humpeleka mtu barabarani siku ya kwanza, ikishazidi sana siku ya tatu. Baada ya hapo huja kodi ya nyumba, karo ya watoto, na simu ya mama kijijini akiuliza mbona mwezi huu hakijafika kitu. Wengi wa madaktari wale walikaa bila mishahara. Ni nini basi kiliwashikilia?

La kwanza, kwa maoni yangu, ni kwamba kila mwanachama alijua kinachodaiwa. Dai lao lilikuwa na hati, na hati ilikuwa moja: mkataba wa 2013. Daktari wa Turkana na daktari wa Mombasa waliweza kuulizwa na mgonjwa, na jirani, au na mwandishi wa habari, na wote wawili wakatoa jibu lilelile. Penye madai kumi yasiyoandikwa, mwajiri hahitaji kuwashinda wafanyakazi. Hutosha kuwapa watatu wanachokitaka, na saba waliobaki watalaumiana wenyewe.

La pili, viongozi walitangulia kupata hasara. Kifungo kile, ambacho wengi walidhani kingeukata mgomo kichwa, kilizaa kinyume chake. Hata madaktari wa hospitali binafsi, ambao mkataba uliogombaniwa haukuwahusu moja kwa moja, walisitisha huduma kwa muda kuwaunga mkono wenzao waliofungwa. Mwanachama huvumilia njaa anapoona kwamba anayemwambia avumilie hajashiba.

La tatu lilionekana vizuri zaidi miaka saba baadaye. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Katika taaluma yetu, mahali pabovu ni daktari aliye katika mafunzo kwa vitendo: amemaliza masomo, hana leseni kamili, hana akiba, na jina lake liko mikononi mwa msimamizi atakayemtia saini. Mkataba wa Kenya wa 2017 ulipanga malipo ya madaktari hao kuwa zaidi ya shilingi 200,000 za Kenya kwa mwezi. Ilipofika 2024, Serikali ilitaka kuwalipa 70,000. Daktari bingwa mwenye ajira ya kudumu hakuguswa na punguzo hilo hata kwa senti moja. Hata hivyo, tarehe 14 Machi 2024 madaktari wa Kenya waligoma tena, na suala la vijana hao likiwa kiini cha mgogoro. Wiki mbili kabla, katika maandamano jijini Nairobi, Katibu Mkuu wa chama, Dkt. Davji Atellah, alikuwa amejeruhiwa kichwani.

Mgomo huo ulidumu siku 56. Makubaliano ya tarehe 8 Mei yaliwarejesha madaktari wodini bila kulimaliza suala la malipo ya vijana. Chama hakikuliachia hapo. Mwishoni mwa Desemba 2024, kwa tishio la mgomo mwingine, pande mbili zilikubaliana kwamba vijana walipwe kwa mujibu wa mkataba wa 2017. Wakubwa wangeweza kuchukua chao Mei na kwenda nyumbani. Chama kinachowatupa wanachama wake wachanga hukiuza kizazi chake cha kesho, na mwajiri hulijua hilo kabla ya wanachama wenyewe kulijua.

Usiku wa kitanda cha nane

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani ninaandika sifa za migomo. La hasha. Naomba nieleze yaliyonipata mwenyewe.

Mwaka 2012 nilikuwa katika masomo ya uzamili ya magonjwa ya watoto. Msomaji atakumbuka kuwa Januari mwaka huo mgogoro wa madaktari hapa nchini ulianzia kwa vijana wa mafunzo kwa vitendo waliodai posho zao, ukaenea, ukatulia, ukafufuka Machi, kisha Juni. Atakumbuka pia kwamba usiku wa tarehe 26 Juni kiongozi wa Jumuiya ya Madaktari, Dkt. Steven Ulimboka, alitekwa, na kesho yake akakutwa katika msitu wa Mabwepande akiwa amejeruhiwa vibaya. Ulikuwa wakati wa hofu. Mtu aliyeamua kugoma aliogopa, na aliyeamua kufanya kazi aliogopa vilevile.

Hospitali niliyokuwa sitaitaja. Katika moja ya awamu za mgomo tulikubaliana kwa kupaza sauti ukumbini kwamba hakuna atakayekanyaga wodini. Hatukuandika chochote. Hatukupanga nani atawaona wagonjwa mahututi. Tulipiga makofi, tukatawanyika.

Usiku wa tatu simu yangu iliita. Alikuwa sista wa zamu wa wodi ya watoto, mama aliyekuwa akiuguza tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Kulikuwa na mtoto wa miezi minane mwenye nimonia kali, kifua kikizama kwa kila pumzi, na sindano ya mshipa imegoma kuingia. Nilimweleza msimamo wetu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Sawa, daktari. Lakini huyu mtoto wa kitanda cha nane naye ni mwajiri wenu?”

Nilikwenda. Nilipitia mlango wa jikoni, bila koti jeupe, kama mwizi. Tulipata mshipa, tukampa oksijeni na dawa, nikakaa naye hadi alfajiri. Mtoto wa kitanda cha nane aliishi. Kitanda cha jirani yake, ambacho siku tatu nyuma nilikiacha kikiwa na mgonjwa, nilikikuta kitupu, shuka limekwisha kubadilishwa. Sikuuliza, na sista hakuniambia. Hadi leo sijui kama mtoto yule aliruhusiwa, alihamishwa, au alikufa. Najua tu kwamba nilichagua kutouliza.

Asubuhi habari zilikuwa zimekwisha kuenea. Katika kikao cha mchana kijana mmoja alisimama akaniita msaliti. Mwenyekiti wa kikao, daktari mtu mzima asiye na maneno mengi, hakunitetea wala hakunikemea. Aliuliza: “Wangapi wengine mmeingia wodini tangu tuanze?” Ukumbi ukawa kimya. Mkono mmoja ukainuka, ukafuata mwingine. Nilihesabu mikono 11, na mmoja wao ulikuwa wa yule kijana aliyeniita msaliti.

Mchana ule tulijifunza kuwa tulikuwa tumeapishana jambo ambalo dhamiri zetu haziliwezi. Kila mmoja alikuwa akilivunja gizani na kulitetea mchana. Umoja unaomlazimu mwanachama kujificha kwa wanachama wenzake haujawa umoja. Kabla hatujatoka tuliandika orodha ya zamu za dharura: wodi ya watoto wachanga, chumba cha uzazi, mahututi, majeruhi. Majina yaliwekwa wazi ukutani. Ajabu ni kwamba kuanzia siku hiyo waliohudhuria vikao waliongezeka, kwa kuwa hapakuwa tena na sababu ya kuogopana.

Sisemi haya kujisifu, wala kuutetea mgomo ambao sheria haikuuruhusu. Nasema ili nieleze mpaka ninaouamini ulipotoka.

Takwimu zinasema nini?

Swali ambalo kila mwananchi huuliza ni la haki kabisa: je, madaktari wakigoma, watu hufa zaidi? Jibu la kitafiti linawashangaza wengi. Mapitio ya tafiti kuhusu migomo ya madaktari katika nchi mbalimbali kati ya 1976 na 2003, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalionyesha kwamba vifo havikuongezeka wakati wa migomo. Mahali pengine vilipungua. Nchini Kenya, utafiti uliofuatilia wakazi wa eneo la Kilifi katika migomo sita ya wahudumu wa afya kati ya 2010 na 2016 haukuona ongezeko la wazi la vifo kwa jumla.

Tahadhari tatu zinahitajika kabla ya mtu yeyote kuitumia habari hii kama hirizi. Kwanza, katika migomo mingi ya mapitio yale huduma za dharura ziliendelea. Kilichosimama ni upasuaji wa kupangwa, ambao nao huwa na hatari zake. Vifo havikupungua kwa sababu madaktari hawana faida, bali kwa sababu walichagua kwa makini kipi wakisimamishe na kipi wasikisimamishe. Pili, hesabu ya jumla huficha makundi madogo. Katika jamii ya maelfu, mama mmoja mwenye uchungu uliokwama haonekani katika wastani, lakini katika nyumba yake yeye ndiye hesabu yote. Tatu, vifo si kipimo pekee. Chanjo iliyokosekana, dozi ya kifua kikuu iliyokatika, shinikizo la damu lisilopimwa kwa miezi mitatu: madhara ya haya huja baadaye, wakati ambapo hakuna tena anayehesabu.

Zaidi ya hayo, mzigo hauwi sawa. Mwenye bima au fedha huvuka barabara akaingia hospitali binafsi. Asiye nacho hurudi nyumbani. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na katika migogoro ya afya nyasi ni maskini, yuleyule ambaye chama na mwajiri wote husema wanapigana kwa ajili yake.

Ndiyo maana Chama cha Madaktari Duniani, katika tamko lake lililopitishwa Bangkok mwaka 2012, kilikubali kwamba madaktari wanaweza kuchukua hatua za pamoja kutetea mazingira ya kazi, kwa sababu mazingira hayo humgusa na mgonjwa. Lakini kikasisitiza kwamba madhara kwa umma yapunguzwe kadiri iwezekanavyo na huduma za lazima na za dharura ziendelee. Mvutano huohuo umo katika Katiba ya Kenya yenyewe: ibara ya 41 humpa mfanyakazi haki ya kugoma, na ibara ya 43 humpa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Katiba haikusema ipi iifute nyenzake. Kazi ya kuzipatanisha imeachwa kwa watu.

Mezani hapa kwetu

Hapa Tanzania njia ni tofauti, na ni vema wahudumu wachanga waijue kabla hawajaihitaji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inazihesabu huduma za afya, pamoja na maabara zinazohusiana nazo, kuwa huduma muhimu, sawa na maji, umeme, zimamoto na uongozaji wa ndege. Kwa kawaida watumishi wa huduma hizo hawaruhusiwi kugoma. Mgogoro wao ukishindikana mezani huenda kwenye usuluhishi, kisha uamuzi. Hata hivyo sheria imeacha mlango mwembamba: pale ambapo upo mkataba wa pamoja unaoeleza huduma za chini zitakazoendelea, na kamati ya huduma muhimu ikauridhia. Tazama hekima iliyomo humo. Sheria inauliza swali lilelile la sista wa zamu: mmemwekea nini mtoto wa kitanda cha nane?

Sheria hiyo pia inatoa silaha ambazo hazihitaji mgomo, na ambazo aghalabu hulala bila kutumika. Chama chenye wanachama walio wengi mahali pa kazi kina haki ya kutambuliwa kuwa msemaji pekee wa watumishi katika majadiliano. Pande zote zinawajibika kujadiliana kwa nia njema. Mwajiri anapaswa kutoa taarifa zinazohitajika ili majadiliano yawe ya maana. Kila moja ya haki hizi, hata hivyo, inategemea idadi na mpangilio. Tawi lenye wanachama 12 wanaohudhuria kati ya 200 walioandikishwa halina nguvu mezani, hata kama sheria yote iko upande wake. Mwajiri aliyezoea majadiliano hahesabu kelele. Huhesabu viti vilivyokaliwa.

Kutokana na niliyoyaona, nawashauri wenzangu mambo manne. Madai yaandikwe, yawe machache, na kila mwanachama aweze kuyaeleza kwa dakika mbili, akiwemo mhudumu wa usafi na mtunza kumbukumbu, maana hospitali si ya madaktari peke yao. Wajumbe wa majadiliano walete taarifa kwa wanachama kila baada ya kikao, hata pale ambapo hakuna jipya, kwa sababu uvumi hujaa pale taarifa inapokosekana. Aliye mnyonge zaidi, iwe ni kijana wa mafunzo au mtumishi wa mkataba wa muda, dai lake lipandishwe juu ya orodha, lisiachwe liwe la kukatwa wakati wa maridhiano. Na kabla ya neno lolote la kuchukua hatua kutamkwa, iandikwe kwanza orodha ya huduma ambazo hazitaguswa kamwe, na wananchi waambiwe.

Jambo hili la nne wapo wanaoliona kuwa udhaifu. Husema kwamba dharura zikiendelea, mwajiri hataumia. Nawajibu kwa uzoefu: mwajiri wa umma haumizwi na kifo cha mtoto wa kitanda cha nane, anayeumizwa ni mama yake, na mama huyo ndiye aliyekuwa tayari kutuunga mkono. Chama cha wahudumu wa afya kina akiba moja kubwa, nayo ni imani ya watu wanaowahudumia. Siku wananchi watakaposema “hata wao hawatujali”, mkataba wowote tutakaoupata utakuwa umenunuliwa kwa bei ambayo hatutaweza kuilipa.

Kijana yule

Narudi kwa kijana na bahasha yake. Sikumkataza. Ni rahisi kwa mtu mwenye mshahara kumhubiria mshikamano asiye nao. Nilimwambia tu aulize jambo moja: je, ningetumwa kujaza upungufu, au kuchukua nafasi ya mtu aliyedai haki yake? Alisema hajui. Nikamwambia hata mimi sijui. Aliondoka, akapeleka maombi.

Hakwenda. Madaktari wa Kenya walifungua kesi kupinga mpango huo, mahakama ikausimamisha, na Aprili 2017 Serikali yetu ikatangaza kuwaajiri hapahapa nchini madaktari 258 waliokuwa wameomba kwenda Kenya. Yeye alikuwa mmoja wao. Alipangiwa hospitali ya wilaya, mbali na kwao, akaoa huko.

Tulikutana tena si muda mrefu uliopita, katika mafunzo ya siku tatu kuhusu utunzaji wa watoto wachanga. Siku hizi ni katibu wa tawi la chama hospitalini kwake. Wakati wa chai aliniambia kwamba tawi lake limo katika majadiliano ya malipo ya zamu za usiku, na kwamba ukutani, kando ya tangazo la kikao, wamebandika orodha ya zamu za dharura zisizoguswa, kwa maandishi makubwa ili ndugu wa wagonjwa nao waisome.

Nikamuuliza kama bado anakumbuka swali lake la mwaka 2017. Akacheka kidogo, kisha akaweka kikombe chini.

“Mwalimu, ajira yangu niliipata kwa mgomo wa watu wengine,” alisema. “Siwajui hata kwa majina. Sasa nikikaa mezani na mwajiri, huwa najiuliza ni nani asiyenijua atakayekula au kulala njaa kwa nitakachokitia saini.”

Kengele ya kipindi ikalia, tukarudi darasani. Somo lililofuata lilikuwa namna ya kumwezesha kupumua mtoto aliyezaliwa bila kulia, kazi ambayo mtu mmoja hawezi kuifanya vizuri peke yake. Anahitajika wa kushika kinyago, wa kuhesabu mapigo ya moyo, na wa kumtazama mama.